Mbasa Apandapo Mtoni

Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Mvuvi hatii nanga wala hangoji samaki apite. Yeye mwenyewe ndiye apitaye, na chambo chake humfuata nyuma kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni. Neno ni la pwani, ambako nguru na jodari huvuliwa kwa namna hiyo. Vijana wa leo hulijua zaidi kwa maana nyingine, ile ya kupita katika intaneti kutoka ukurasa hata ukurasa, na yamkini wengi wao hawajui kwamba waliliazima kutoka chomboni. Si azimo baya. Walakini arambazaye katika intaneti hakosi kupata kitu, ilhali arambazaye ziwani aweza kupiga kafi tangu alfajiri hata adhuhuri, akarudi na mikono mitupu na mabega yanayomuuma.

Huko Matema, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, yuko mzee mmoja ambaye amerambaza kwa muda unaozidi miaka 50. Yeye ni Mkisi, mtu wa kabila dogo likaalo katika ukanda mwembamba baina ya milima na maji. Wanawake wa kwao ndio wafinyanzi wa vyungu viuzwavyo katika gulio la Lyulilo, na wanaume wao ni watu wa mitumbwi. Mzee huyu hana mashine wala tanga. Ana mtumbwi wa mti mmoja, kafi mbili, kopo la kuchotea maji, na mshipi uliozungushwa juu ya kijiti. Watu wa magari wajao Matema kuogelea humtazama kutoka ufukoni wakadhani anajipumzisha. Msomaji asidhani hivyo.

Asubuhi ya Matema huanza mara mbili. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama karibu sana na maji mfano wa ukuta, hata jua hukawia kuivuka. Mbingu huwa nyeupe kitambo kirefu na huku ufuko ungali kivulini, na ziwa lina rangi ya chuma. Kitambo hicho ndicho cha mbasa. Usiku kucha wavuvi wa usipa huwa wamewasha taa zao mbali, na usipa waliosalia hukaa karibu na uso wa maji, wametawanyika na hawana utulivu, mbasa huwafuata. Jua likishapanda juu ya milima, samaki huzama, na baadaye upepo huamka. Ziwa hili ni refu, lapita kilomita 550 kutoka kusini hata kaskazini, na kusi livumalo hasa kati ya Mei na Agosti lina nafasi ya kutosha ya kukusanya mawimbi njiani. Yafikapo Matema mawimbi hayo hayana mzaha na mti mmoja uliochongwa.

Siri ya kurambaza ni mwendo. Mzee hutunga usipa mmoja katika ndoana, akaingiza ncha kinywani na kuitokeza karibu na mkia ili samaki anyooke. Hapo juu yake hufunga kipande cha bati kilichokatwa kutoka katika kopo la maziwa, chembamba kama jani la mchai, ili kimetemete. Huachia mshipi pima 20 na zaidi, kisha huuzungusha mara moja katika kidole gumba cha mguu, kwa maana mikono yote miwili ni ya kafi. Akienda polepole, chambo hulegea na kushuka kama kitu kilichokufa. Akienda mbio, usipa huzunguka kama pia, mshipi ukajisokota, na hakuna samaki aliye mjinga kiasi cha kuamini kwamba usipa huogelea vile. Mwendo uliosawa, kwa maneno yake mwenyewe, ni ule wa mtu aendaye msibani kwa jirani: hakimbii, wala hajikokoti.

Mbasa hana meno katika taya zake. Meno yake yako kooni. Kwa hiyo kidole hakipewi onyo la kugugunwa kama kwa samaki wengine. Kuna mvuto mmoja tu, mzito, kama mtu aliyeshika kamba upande wa pili na kukumbuka ghafla kwamba ni yake. Hapo kafi huwekwa, mshipi hukamatwa kwa mikono, na mtumbwi hugeuka wenyewe kumwelekea samaki. Mbasa mkubwa huweza kufika kilo 3 na zaidi. Ni samaki mrefu mwenye magamba madogo ya fedha, na mapezi yake ya chini yana wekundu wa chungwa. Akitolewa majini hung'aa mno, lakini mng'ao huo haudumu hata mtumbwi ufike pwani. Nyama yake hubanikwa juu ya makaa na kuliwa kwa wali wa Kyela, ambao sifa yake imefika Dar es Salaam bila ya msaada wa mtu. Mlaji na ajihadhari na miiba midogo, ambayo ni mingi kuliko subira ya mgeni.

Wazungu waliokaa kandokando ya ziwa hili walimwita samoni wa ziwani. Jina hilo lina ukweli na uongo. Samoni na trauti wana pezi dogo la mafuta mgongoni karibu na mkia, na mbasa hana. Jamaa zake wa nasaba ni ningu wa Ziwa Viktoria na kuyu wa mitoni, si samoni wa bahari za baridi. Mtaalamu aliyempa jina la kisayansi ni Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la London, mwaka 1864, kwa samaki waliokusanywa na Dakta John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi. Ndiye Kirk yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, na ambaye katika mwaka 1873 alisukuma mkataba uliofunga soko la watumwa. Historia yamkumbuka kwa soko. Samaki zake walibaki katika chupa za spiriti.

Ukweli wa jina la samoni uko katika safari. Mbasa mzima huishi katika maji mapana ya ziwa, lakini hawezi kuzaa humo. Mvua zianzapo na mito ijaapo, huacha ziwa akapanda mkondo, akitafuta mahali penye changarawe safi na maji ya kasi, maana mayai yake yahitaji hewa ambayo maji ya kasi huibeba. Huko juu hutaga, na vifaranga hushuka pole pole hata ziwani. Samoni wa Bahari ya Pasifiki hufa akishataga. Mbasa hafi, hurudi ziwani kula na kunenepa, na msimu ukija tena, huenda tena. Hii ni hulka njema kwa mvuvi, kwani samaki mmoja aweza kuzaa zaidi ya mara moja, iwapo njia yake iko wazi kwenda na kurudi.

Na njia ni chache. Kaskazini mwa ziwa, upande wa Tanzania, kuna Lufilyo karibu na Matema, kisha Mbaka, kisha Kiwira, na mwisho Songwe ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi na una tabia ya kuhama mahali pake kila ukichoka. Ziwa lina kina kinachopita mita 700, na mgeni akiliangalia huamini kwamba samaki wake hawawezi kwisha. Lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa, na hakuna samaki akaaye humo. Kwa mbasa ziwa lote hilo ni ukumbi tu. Chumba cha kuzalia kiko katika mito michache ambayo mtu huweza kuvuka mingine kwa miguu wakati wa kiangazi.

Trauti alipata ulinzi wa mapema zaidi. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa Uskoti yalifika Kenya kwa juhudi za Ewart Grogan na kuwekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye trauti alipandwa pia katika mito baridi ya Tanganyika, pamoja na ile ya nyanda za juu za kusini. Mgeni huyo alitungiwa sheria yake, na mtu hakumvua bila ya leseni. Katika Ziwa Nyasa hakuweza kuishi, kwa kuwa maji yake ni ya uvuguvugu hata chini. Mbasa hakuletwa na mtu kwa meli. Alikuwako. Na kitu kilichokuwako tangu zamani huwa hakina mwenyewe wa kukililia.

Mbali sana na hapa, katika maziwa makubwa ya Marekani, watu walimaliza trauti wao wa ziwani baina ya uvuvi mkali na mnyonyaji mmoja aitwaye lamprei aliyeingia kutoka baharini. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilichukua samoni wa Pasifiki likawaweka katika vijito viingiavyo Ziwa Michigan, na samoni wakastawi, na leo maelfu ya watu hurambaza huko kwa mashua za mashine. Waliokosa samaki wakanunua samaki mwingine. Matema haina mahali pa kununua. Mbasa ni wa ziwa hili na mito yake, na hakuna ziwa jingine la kwenda kumwazima.

Mzee ana mjukuu, mtoto wa binti yake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha ufundi. Nafasi ilikuja pamoja na karatasi ya ada. Kijana alipiga hesabu, akaona kwamba samaki wa kurambaza, hata wakiuzwa wote na nyumbani wale dagaa, hawatatimiza nusu ya ada kabla ya chuo kufunguliwa. Akaongea na mwenzake aliye na wavu wa nailoni. Wavu upo, kilichotakiwa ni mtumbwi, na msimu wa mvua, na mdomo wa Lufilyo. Usiku mmoja mzuri, mbasa wakipanda, ulitosha kuleta samaki ambao mzee hawapati kwa miezi.

"Shikamoo babu," alianza asubuhi hiyo, akamweleza yote, wala hakuficha kitu.

Mzee alisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Mtumbwi ni wa kurambaza."

"Babu, kibaba cha ada hakijai kwa samaki mmoja mmoja."

"Najua."

"Na tusipotega sisi watatega wengine. Wameshatega."

"Hilo pia nalijua, mjukuu wangu."

Ingekuwa rahisi kumfanya mzee huyu kuwa mtu mwenye haki na kijana kuwa mlafi, lakini mambo hayakuwa hivyo. Katika ujana wake mzee alivua mtoni. Yeye na wenzake walisimika nyua za mianzi na matete kukata mto, wakaacha matundu na kuweka migono ndani yake, na mbasa waliokuwa wakipanda waliingia humo wakachukuliwa kwa vikapu. Kijana alilijua jambo hilo, kwa maana wazee hulisimulia kwa furaha kila msimu ujapo, na akamkumbusha babu yake kwa adabu, akitazama chini.

Jibu la mzee linastahili kutafakariwa na kila mtu aandikaye juu ya uvuvi wa zamani kana kwamba ulikuwa na hekima iliyotungwa. Hakusema kwamba wao waliwahurumia samaki. Alisema kwamba uzio wao ulikuwa mbovu. Kila mvua kubwa iliponyesha milimani, mto ulishuka na magogo ukauvunja, na kabla hawajapata mianzi mingine na kusimika upya, siku tatu au nne zilipita, na katika siku hizo mbasa walipita. Walilalamika sana. Walilaani mto. "Mto ndio uliokuwa na akili," alisema. "Wavu huu hauozi, wala gogo likiupasua haigharimu kitu kuushona jioni ile ile. Sisi hatukuwa wema kuliko ninyi. Vyombo vyetu ndivyo vilivyokuwa dhaifu."

Lililotabiriwa na maneno hayo limekwisha kutokea katika ziwa jingine. Ningu wa Ziwa Viktoria, jamaa wa mbasa na mpanda mito kama yeye, alikuwa zamani miongoni mwa samaki waliothaminiwa sana katika mito kama Kagera na Nzoia. Nyavu za kutega zililetwa katika ziwa hilo mwaka 1905, zikaenea, na wavuvi wakazisimamisha katika midomo ya mito wakati ningu walipokuwa wakipanda na mayai yao. Kabla miaka ya 1960 haijafika katikati, uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka. Huyo sangara ambaye hulaumiwa kwa mengi hawezi kulaumiwa kwa hili lote. Ningu alikuwa ameshapungua kabla sangara hajatawala ziwa.

Kwa mbasa habari bado haijafika huko, ingawa mwaka 2006 shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile lilimwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo chake Kyela. Tena wavu si adui pekee. Mashamba yamesogea hata kingo za mito, na mvua za Kyela, ambazo ni nyingi kuliko za sehemu nyingi za nchi, hushusha udongo ukafunika changarawe. Yai lililofunikwa na tope halivuti hewa. Juu ya Songwe kuna mpango wa miaka mingi wa Tanzania na Malawi wa kujenga bwawa, kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na kuzuia mafuriko yanayowatesa watu kwa kweli. Mtu aliyelala na maji ndani ya nyumba hawezi kuambiwa afikirie samaki kwanza. Lakini ukuta wa bwawa ni uzio usiovunjwa na mvua yoyote, na mjenzi asipomwachia mbasa njia, hakuna gogo litakalomsaidia.

Kijana hakupewa mtumbwi wa kutegea wavu. Mzee aliuza mbuzi wawili, mama wa kijana akauza magunia ya mpunga kabla ya bei kupanda, jambo ambalo kila mkulima wa Kyela hulijutia, na ada ikapatikana nusu. Chuo kilikubali kupokea nusu ya pili baadaye. Hayo yalichukua wiki chache, na katika wiki hizo kijana alikwenda ziwani na babu yake kila alfajiri, yeye mbele kwa kafi, mzee nyuma na mshipi katika kidole chake. Hakukuwa na ugomvi, wala mazungumzo mengi.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, maji ya Lufilyo yalikuwa yameingia ziwani kama chai ya maziwa, na mpaka baina ya maji ya mto na maji ya ziwa ulionekana wazi kama mkunjo wa nguo. Mzee alitaka wapite sambamba na mpaka huo, maana hapo ndipo mbasa husimama wakinusa mto kabla ya kuingia. Maboya ya nyavu yalikuwa yamesimama kutoka upande huu wa mdomo hata upande ule. Kijana aliyahesabu kwa sauti mpaka akachoka.

"Moja lingekuwa letu," alisema.

Mzee hakujibu, kwa sababu mshipi ulikuwa umekaza kidole chake.

Ilikuwa kazi ya muda. Samaki alikwenda chini, akarudi juu, akaruka mara moja na kuanguka kwa ubavu, na mtumbwi ukamfuata hata karibu na maboya, ambako kijana alilazimika kupiga kafi kinyume kwa nguvu zake zote ili mshipi usinaswe katika nyavu za watu. Walipomtia ndani alikuwa mkubwa kuliko wote waliopatikana mwezi huo. Ufukoni alikuwako mnunuzi kutoka Ipinda mwenye pikipiki, naye alimtaka samaki akiwa amekwisha pasuliwa. Mzee akachukua kisu. Tumbo lilipofunguka, mayai yalitoka yakajaza kibia.

Mnunuzi alilipa bila ya kushindana bei, akaondoka. Mzee alimpa mjukuu wake fedha zote, akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi, na kwa kitambo akatazama kile kibia.

"Huyu alikuwa hajaingia mtoni," alisema.

"Ndiyo, babu," alisema kijana, akachukua kopo, akaanza kuchota maji yaliyoingia mtumbwini.